Mazimwi ya Shimoni Yapangiwa Foleni

"Achia mkia, mama!"

"Siachii! Nimeushika mimi—"

"Mama, nakusihi, huo mkia una—"

"—nimeushika mimi wa kwanza, na kila mwenye macho kaniona!"

"—una kazi! Una kazi huo, tunapiga picha hapa!"

"Basi pigeni, na mimi nimo! Siachii ng'o!"

Ndipo nilipokuacha juma lililopita, msomaji wangu. Zimwi kuu limeibuka kutoka Shimoni, chini kabisa ya Soko la Kariakoo, mchana kweupe. Likanguruma mara moja, na kabla halijanguruma ya pili, mkono usiojulikana ukalidaka mkia kwa nyuma.

Wapo mlioapa kwamba mkono ule ni wa polisi. Mzee mmoja wa Gerezani kaniletea salamu kwamba ni wa jini, tena anamjua. Poleni nyote. Mkono ni wa Bi Sabaha wa Magomeni, mama mtu mzima mwenye kikapu, na anayegombana naye ni Bakili, kijana mwenye picha yake.

Na zimwi? Zimwi ni Pantaleo, hamali wa sokoni, mtu wa Songea. Siku zote yeye hubeba gunia. Leo gunia limembeba yeye. Bakili kamshonea magunia toka kichwani mpaka magotini, pembe mbili utosini, meno ya vifuu vya nazi, macho ya vizibo vya soda, damu ya rozela kidevuni, katambuga miguuni, na mkia wa kamba ya katani wenye ufagio wa chelewa kwenye ncha. Nyuma yake yamefuatana mazimwi madogo, hamali wenzake, yamejipanga mstari mmoja ili yatoshe kwenye kamera.

Kosa la Bakili lilikuwa hapo hapo. Magunia kayashona maandishi yakiwa nje. Mgongoni mwa kila zimwi, kwa herufi za kijani, pameandikwa SUKARI.

Sasa wewe fikiria. Mwaka huu ambao chai tunainywa kwa pipi, tena pipi ya kupokezana, mtu anaona magunia ya sukari yamejaa, yanatembea yenyewe, yamefuatana, yanatoka Shimoni. Atakimbia kweli?

Atakimbia. Lakini kuelekea wapi?

"Bakili!" Huyo Sophia, amesimama juu ya mkokoteni, kamera begani. Kamera yenyewe ni ya kutia ufunguo kama saa ya mezani, kaiazima ofisini kwake. "Ukanda uliobaki ni wa kukohoa mara moja! Ukisema piga, napiga, halafu basi. Na kamera inarudi leo kabla hawajafunga, la sivyo mimi na wewe tunapanda lori moja!"

Lori hilo ndilo linalomkosesha Bakili usingizi. Kwa Bi Mwanamkuu, mjumbe wa nyumba kumi, kijana asiye na kazi dawa yake moja tu: lori la Jumatatu, arudishwe kwao Newala akapalilie korosho. Bakili akajitetea kwamba kazi anayo, anatengeneza picha.

"Kazi ni kitu kinachokwisha," Mjumbe akamjibu. "Jumamosi nakuja kuitazama. Imekwisha, wewe una kazi. Haijakwisha, funga mkeka."

Leo ndiyo Jumamosi. Na kimebaki kipande kimoja: watu wa Kariakoo wakitimua mbio. Mzee Awadhi mwenye sinema kasema bila hicho haonyeshi kitu. "Picha ya kutisha watu wasipokimbia," kasema, "hiyo ni picha ya harusi." Kisha akaongeza la pili. "Na haya mazimwi mama yao nani? Watu watakuja kuniuliza mimi pale mlangoni."

"Zimwi halina mama, Mzee Awadhi."

"Kila kitu kina mama," akasema Awadhi, akaenda zake kuswali.

Haya, turudi kwenye mkia.

Bi Sabaha, mkono mmoja bado kaung'ang'ania, akatia wa pili kikapuni akachomoa jiwe. Jiwe lake mwenyewe, la kutembea nalo, kalipaka chokaa upande mmoja lisije likachanganywa na la mwingine. Akaliweka chini nyuma ya zimwi.

"Wa kwanza mimi," akasema.

"Wa kwanza wa nini, mama?"

"Hilo utaniambia wewe."

Akaja bwana mmoja na kuku kwapani. "Wa mwisho nani?"

"Mimi. Na wa kwanza vilevile ni mimi."

"Basi niko nyuma yako, shangazi. Kinatoka nini?"

"Husomi? Kimeandikwa mgongoni."

Yule bwana akasoma. Kuku naye, naona, akasoma. Wakasimama wote wawili.

Akaja mwingine, akaja dada na mtoto mgongoni, akaja mtu ametoka Feri na samaki mkononi, akamlaza changu wake chini amshikie nafasi, akaenda mbio kumwita mkewe. Tofali, kandambili moja, ndoo iliyotoboka, kila kitu kikapata nafasi yake. Bakili anageuka, foleni imefika Mtaa wa Mkunguni. Anageuka tena, imekata kona.

"Ndugu zangu!" akapiga kelele. "Haya ni mazimwi! Yanakula watu! Kimbieni!"

"Anatufukuza awape jamaa zake!" sauti ikatoka katikati.

"Tumeuzoea ujanja huo! Mwenzako alituambia kuna kipindupindu, tukaondoka, kumbe ilikuwa sabuni!"

"Pantaleo, nguruma!" Bakili akaamuru.

Pantaleo akavuta pumzi yote ya Songea, akanguruma. Njiwa wakaruka kutoka paa la soko. Vifuu viwili vikadondoka mdomoni.

Foleni haikutikisika. Dada mwenye mtoto akamtazama kutoka kwenye pembe mpaka kwenye katambuga.

"Na wewe, zimwi zima, unapenya mbele? Huna haya? Panga mstari kama wenzako!"

"Samahani, dada," Pantaleo akasema, kwa sababu kwao kafundishwa adabu. Akaanza kurudi nyuma, na Bi Sabaha, ambaye hataki kutengana na mkia, akamvuta. "Wewe hapana! Wewe ndiye mzigo!"

Pantaleo akainama kwenye sikio la Bakili. "Bwana Bakili. Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Hiyo sukari inatoka saa ngapi?"

"Pantaleo! Sukari ni wewe!"

"Najua ni mimi. Lakini hebu watazame. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga."

Bakili akatazama. Mazimwi madogo hayapo tena nyuma ya Pantaleo. Kichwa kimoja cha zimwi kimeshawekwa chini, baina ya tofali na changu, kinashika nafasi. Mwenyewe yupo pembeni, kavaa gunia mpaka shingoni, anaongea na yule wa kuku habari za bei.

Na hili nakwambia wewe peke yako, lisifike mbali: Bakili naye aliangaza macho chini kuona kama kuna kijiwe karibu.

Akajizuia. Akapanda kwenye mkokoteni kwa Sophia.

"Jamani, nisikilizeni! Hakuna sukari! Wallahi hakuna hata ya kulamba! Hapa kuna kuliwa tu!"

Foleni ikasogea mbele hatua moja.

"Kuliwa?" akauliza wa kuku.

"Kuliwa na zimwi. Kwenye picha."

Neno likasafiri nyuma, mdomo kwa mdomo, likakata kona. Bakili akafumba macho. Sasa watatawanyika. Watatawanyika polepole, wakinung'unika, wala si kwa mbio, na ukanda utakwisha kwa kupiga migongo ya watu waliochukia.

Badala yake maswali yakarudi mbele.

"Wanauliza huku nyuma, kila mtu analiwa mara moja, au mwenye familia kubwa anapata zaidi?"

"Mimi nina mgonjwa nyumbani, hawezi kutembea. Naweza kuliwa kwa niaba yake?"

"Hawa wa Magomeni kwa nini waliwe hapa? Kwao hakuna mazimwi?"

"Nani kasema Magomeni?" Bi Sabaha akaja juu. "Nimetoka alfajiri kwa miguu mimi! Nitaliwa popote!"

"Mama," Bakili akamwambia, machozi yanamlenga, "kwa nini usiende nyumbani?"

"Mwanangu, mimi nimesimama. Mtu akishasimama harudi mikono mitupu. Kama ni kuliwa, niliwe. Wahenga wamesema, zimwi likujualo halikuli likakwisha." Akautikisa mkia. "Eti wewe! Unanijua?"

"Nakujua, mama," Pantaleo akajibu kutoka ndani ya gunia. "Nilikubebea mkaa mwezi wa Ramadhani."

"Unaona? Huyu atanibakiza."

"Bakili," Sophia akasema kwa sauti ya chini, "geuka taratibu. Usikimbie."

Filimbi ikalia.

Upande wa Mtaa wa Sikukuu unakuja mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli, raba nyeupe na kanga mbili zilizopigwa pasi. Bi Mwanamkuu.

Kwenye mtaa wetu kila mwanamke ni mama wa fulani. Asiye na mtoto anaitwa kwa mtoto wa dada yake. Yupo mmoja pale Mchafukoge ana paka tu, naye ni Mama Paka, na anaitika. Bi Mwanamkuu peke yake hana wa kumwita mama; yeye ni Mjumbe. Madukani Mjumbe, msibani Mjumbe. Hata mumewe akitaka chumvi mezani husema, "Mjumbe, nisogezee chumvi."

"Shikamoo, Mjumbe," Bakili akasema.

"Marahaba. Imekwisha?"

"Bado kipande kimoja, Mjumbe. Kidogo sana."

"Mkeka umefunga?"

Mjumbe akainua mwavuli aone vizuri. Akaiona foleni. Akaifuata kwa macho mpaka kwenye kona, akairudia mpaka kwa Bi Sabaha, akayasoma yale maandishi ya kijani, akakaza uso.

"Sukari imeingia mtaani kwangu bila kupita kwangu?"

"Hakuna sukari, Mjumbe!" watu wakamjibu kwa pamoja. "Tunasubiri kuliwa!"

Mwingine yeyote angeshangaa. Lakini Mjumbe ni mtu aliyewahi kugawa sabuni moja kwa nyumba kumi, hakuna jambo la dunia hii linaloweza kumshangaza. Kilichomgusa ni kingine. Akatazama tena jinsi walivyosimama: wamenyooka, wametulia, hakuna anayesukumana. Akafunga mwavuli.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti ilikuwa na kitu ndani yake. "Nimefurahi. Kila Jumamosi napuliza filimbi hii mpaka mapafu yananiuma. Nabisha mlango, naambiwa baba kasafiri, na baba namwona miguu chini ya kitanda. Leo nimewakuta wenyewe. Mmejikusanya bila kuitwa. Mmejipanga. Huu ndio moyo wa kujitolea ninaousemea siku zote."

Foleni ikaanza kunusa hatari. Yule wa kuku akamhamishia kuku kwapa la pili.

"Mtaro wa Mchafukoge umeziba tangu masika," Mjumbe akaendelea. "Ndani mna kila kitu. Majembe yako kwangu, ndoo ziko kwangu. Tunaenda wote sasa hivi kuuzibua. Na kwa kuwa mmeshapanga mstari, hatutagombana. Wa mbele ataingia wa kwanza."

Macho yote yakamgeukia Bi Sabaha.

"Mimi?" Bi Sabaha akasema. "Mimi si wa mbele! Nani kasema wa mbele? Mimi nilikuwa nauliza njia!"

Mkia ukaanguka.

"Piga, Sophia!" Bakili akapiga ukelele. "Piga, piga, piga!"

Msomaji wangu, hujaona mbio. Wewe umeona watu wakikimbia nyuki, umeona wakikimbia mgambo. Hizi zilikuwa nyingine. Wa kuku alikimbia kuku akiwa mbele yake, na kuku ndiye aliyekuwa anachelewesha. Dada mwenye mtoto alipita kama upepo, mtoto mgongoni anapiga makofi. Yule wa Feri, ndiyo kwanza anafika na mkewe, alimwona mkewe kageuka hewani bila kuuliza. Foleni iliyokata kona ikanyooka, ikakatika, ikaingia kwenye kila uchochoro kama maji ya mvua. Na Mjumbe nyuma yao, mwavuli juu, filimbi mdomoni, anaita, "Rudini! Ni mtaro tu!"

Kamera ikasaga, ikasaga, ikakohoa, ikanyamaza.

Vumbi likatua. Uwanja ukabaki na matofali, kandambili, ndoo, changu mmoja, na jiwe lililopakwa chokaa upande mmoja. Bi Sabaha kuacha jiwe lake! Hapo Bakili akajua ile ilikuwa hofu ya kweli, hofu ambayo hakuna mwigizaji wa mji huu anayeweza kuitoa hata umpe nini.

Akamrukia Sophia, akamkumbatia yeye na kamera.

"Umeipata?"

"Nimeipata yote. Mpaka tone la mwisho."

"Sifungi mkeka! Sophia, sifungi mkeka! Na mazimwi? Yametoka vizuri?"

"Yametoka vizuri sana," Sophia akasema, lakini hakumtazama usoni. "Pantaleo ndiye aliyekuwa mbele ya watu wote."

"Mbele akiwakamata?"

"Mbele akikimbia."

Bakili akamwachia.

"Mazimwi yamekimbia?"

"Mazimwi ndiyo yameanza, Bakili. Hamali gani anasubiri mtu amalize kusema mtaro?"

"Sasa…" Bakili akaigusa kamera. "Sasa kwenye picha, watu wanakimbia nini? Na mazimwi yanakimbia nini? Nyuma yao kuna nini?"

Sophia alinyoosha kidevu tu.

Katikati ya uwanja, peke yake, kasimama Bi Mwanamkuu, na alikuwa amesikia kila neno.

Pantaleo akachungulia kutoka nyuma ya nguzo ya soko, mguu mmoja una katambuga, mwingine hauna. Alikuwa amerudia katambuga yake ya pili. Akakuta iko karibu kabisa na raba nyeupe, akaamua kusubiri.

"Ni mimi?" Mjumbe akauliza.

"Mjumbe…" Bakili akaanza.

"Nimeuliza. Kwenye picha, nyuma ya watu, ni mimi?"

"Ni wewe, Mjumbe," Sophia akasema. "Wewe na mwavuli."

"Na mazimwi nayo, na meno yao yote, yananikimbia mimi."

"Nayo."

Bakili akaziona korosho za Newala, zimepangwa mistari, zinamsubiri. Ukanda hakuna. Kamera inarudi. Kuipiga upya haiwezekani, na kuionyesha namna hii ni kumtangaza Mjumbe mbele ya mji mzima kuwa yeye ndiye balaa lenyewe, halafu Jumatatu umwombe akukinge na lori. Akajikaza.

"Mjumbe, nitakata hicho kipande. Nitakitupa. Hakuna atakayekiona. Mkeka naenda kuufunga mwenyewe."

"Nyamaza kwanza."

Mjumbe akainama, akaliokota jiwe la Bi Sabaha, akaligeuza upande wa chokaa. Akaitazama kona walikopotelea watu. Kisha akaifuta filimbi kwa ncha ya kanga, polepole.

"Hayo mazimwi," akasema. "Baba yao nani?"

"Hayana, Mjumbe."

"Na mama?"

"Hata Mzee Awadhi kaniuliza hilo. Hayana."

"Hm."

Akamwona Pantaleo. Pantaleo akajificha nyuma ya nguzo, pembe zikabaki nje.

"Wewe! Toka hapo. Watoto wakisikia mama yao anawaita kazini, hukimbia. Siyo?"

"Hukimbia sana, Mjumbe," Pantaleo akasema. "Mimi mpaka leo nikienda likizo."

"Na wa majirani wakiwaona wanakimbia, nao hufuata."

"Hufuata, Mjumbe. Bila kuuliza."

"Na hakuna anayesema yule mama ni mbaya."

Pantaleo akafikiri. "Hapana. Wanasema ni mama."

Mjumbe akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepimiwa kitu kikatosha. Akausogelea mkokoteni. Bakili akajiandaa kwa filimbi, kwa lori, kwa lolote. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, sauti ambayo hata mumewe, naapa, hajaisikia.

"Bakili. Mambo ya lori niachie mimi, nitayasemea. Kipande hicho usikikate. Ila nina ombi."

"Sema, Mjumbe."

"Siku mkiionyesha pale kwa Awadhi, watu wamejaa, mseme wazi, kila mtu asikie." Akaibana filimbi kwenye kiganja. "Naomba niwe mama yao."